Viongozi wapya wa zamu, msiwasifu watu kwa kunyamaza

Juzi hotelini kwetu nimemsikia kiongozi mpya wa zamu akimwambia mhudumu aliyekuwa akilia stoo ya vitambaa: "Jikaze, nawa uso, meza ya sita inasubiri." Moyo ulinipasuka. Maneno hayo niliwahi kuyasema mimi. Nawapenda, lakini leo sina subira.

1. Aliyefunga usiku asifungue alfajiri. Sheria ya Umoja wa Ulaya inadai mapumziko ya saa 11 mfululizo kila siku. Hata kama kwenu haipo, mwili ni ule ule.

2. Mgeni akimshika au kumtukana mtu wako, mtoe mtu wako kwenye meza hiyo kwanza, maswali baadaye. Hapa ndipo nilipokosea. Msimu ulikuwa umepamba moto, ukumbi umejaa, binti mmoja akanifuata kaunta akasema mgeni wa meza ya kona amemshika kiuno mara mbili. Aliomba abadilishiwe meza tu. Nikamwambia avumilie, wale wanaondoka kesho. Akarudi, akawahudumia mpaka kahawa. Asubuhi, kwenye brifingi, kile kikao kifupi kabla ya zamu, nikaharibu zaidi: nikamsifu mbele ya wote, "Huyu ni chuma, mwigeni." Wakapiga makofi. Yeye alikuwa anakunja kitambaa cha meza, anakikunjua, anakikunja tena, kile kile kimoja. Nilimwona, nikaendelea kusoma orodha ya wageni wanaoingia siku hiyo. Tangu hapo hakuniletea neno, wala wenzake hawakuniletea, nami nikadhani timu imetulia. Miezi miwili baadaye aliacha kazi. Alipokuja kurudisha sare aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kushikwa kulimuuma, ila makofi ndiyo yaliyomfunga mdomo.

Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unataka unyanyasaji unaohusisha watu wa nje nao uzingatiwe. Wageni wetu wamo humo.

3. Mjue mtu aliyechoshwa na kazi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linataja mambo matatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuichukia, na ufanisi kushuka. Mapokezi utaliona hivi: aliyekuwa akikumbuka majina ya wageni anaanza kuwaita kwa namba za vyumba. Msimwandikie barua ya onyo! Mpeni kazi za nyuma, mbali na wageni, siku chache, mkae naye, mpunguze zamu. Akisema hataki kuishi, asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

4. Watu wenu wale chakula wakiwa wamekaa. Dakika 20 bila redio ya upepo sikioni.

Yule wa stoo ya vitambaa anaingia zamu ya jioni leo. Kiongozi wake, mwite kabla ya brifingi, pembeni, umuulize meza ya sita alikuwa amekaa nani.