Tangi kubwa haliongezi presha ya shawa
Kama shawa yako inatoa maji kwa unyonge, kubadilisha tangi la juu la lita 1,000 kwa la 5,000 hakutafanya itoe maji kwa nguvu. Presha inatokana na kimo cha maji juu ya shawa, si wingi wake: kila mita 1 ni takriban baa (kipimo cha presha) 0.1, kwa hiyo mita 3 zinakupa 0.3 tu. Tangi refu litaongeza kidogo likiwa limejaa, basi.

Kabla ya kuinua mnara wa tangi ili kuongeza kimo, fungua kichwa cha shawa ukiloweke kwenye siki, chokaa huziba vile vitundu. Angalia pia geti valvu, ile koki ya kufungulia na kufungia maji kwenye bomba, imefunguka yote. Bomba linaloshuka kutoka tangini likiwa la nusu inchi, weka la inchi 1. Jembamba linakula presha njiani, hasa kona zikiwa nyingi.