Re: Maji ya mfereji delta ya Rufiji, asubuhi matamu, mchana chumvi

Ndugu, umeuliza kwa nini maji ya mfereji wako wa shamba ni matamu asubuhi na ya chumvi mchana. Mfereji wako hauna kosa, na mto wenyewe haujaharibika. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa lita, hivyo ni mazito: bahari ikijaa hupenya chini kabisa ya mto, na maji matamu ya Rufiji huelea juu. Ukichota juu kwa ndoo unadanganyika. Funga jiwe kwenye chupa, kizibo kiwe na kamba yake, ishushe hadi chini ndipo ukivute.

Pima maji yakijaa, siku za bamvua (bahari inapojaa sana, mwezi mwandamo na mwezi mpevu), hasa mwishoni mwa kiangazi mto ukiwa mdogo. Maji mafu, yaani siku bahari inapojaa kidogo, hayakuonyeshi kitu. Kumbuka kujaa huchelewa kama dakika 50 kila siku, basi saa ileile ya jana si kipimo. Mpunga huanza kudhoofika chumvi ikifika gramu 2 hivi kwa lita, miche ndiyo huumia zaidi.

Tazama na miti ya mikoko: mlilana husimama ukingoni mwa bahari, msikundazi hupenda panapofika maji matamu. Ukiona misikundazi inakauka ncha, huenda chumvi imepanda: funga mlango wa mfereji kabla maji hayajajaa, ufungue yakishapwa vizuri.