Kuungama kwa simu: jibu la padre

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu uliyeuliza kama unaweza kuungama kwa simu ya video kwa kuwa uko mbali na kanisa na unamwonea padre aibu: mimi ni padre, na swali lako naulizwa na vijana kwa wazee. Jibu fupi ni hapana. Kwa simu tunaweza kuongea, nikakushauri na kusali nawe. Ondoleo la dhambi halipiti huko.

Usidhani Kanisa linaogopa mitambo. Redio Vatikano ilianza kusikika mwaka 1931, na aliyeijenga ni Marconi mwenyewe, mmoja wa waanzilishi wa redio duniani. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, ulitoa hati nzima kuhusu vyombo vya mawasiliano. Ila hati ya Vatikano ya mwaka 2002 kuhusu intaneti ilitamka wazi kwamba mtandaoni hakuna sakramenti, na kuungama ni sakramenti. Sakramenti hugusa mwili: maji humwagwa kichwani, mafuta hupakwa, Ekaristi huliwa. Hata wakati wa korona, Machi 2020, Idara ya Toba ya Kitume, ofisi ya Vatikano inayoshughulikia mambo ya maungamo, iliwakumbusha waamini juu ya majuto kamili, yaani kujutia dhambi kwa sababu ya kumpenda Mungu, ikazungumzia maondoleo ya jumla, yaani kuwaondolea wengi dhambi kwa pamoja bila kuungama mmoja mmoja, panapokuwa na hitaji kubwa, lakini simu haikuiruhusu.

Nikueleze ninayoyaona nikiwa kwenye kiti cha maungamo. Mtu huanza na yale mepesi, kukosa Misa, kusengenya, hasira. Kisha ananyamaza. Simu inatetemeka mfukoni, mkono unaifuata, unarudi. Mimi nangoja tu. Huyu ni mtu aliyezoea kuandika ujumbe, kuufuta, kuuandika upya mpaka upendeze, na sasa hana pa kufutia. Likishatoka lile neno zito, amelisema mbele ya mtu, na mtu huyo hajainuka kuondoka. Wengine hulia hapo hapo, kabla sijafungua kinywa.

Siku hizi wapo wanaoniambia kwamba jambo hilo walishalieleza kwa programu ya akili bandia, ikawajibu kwa upole. Sina ugomvi na upole. Lakini programu haiwezi kusema "Nami nakuondolea dhambi zako", kwa sababu haikutumwa na yeyote kusamehe, wala haina dhambi zake yenyewe za kuungama. Mimi ninazo, na ninapiga magoti kwa padre mwenzangu kama wewe.

Kuhusu aibu, sheria ya Kanisa inataka kiti cha maungamo kiwe na wavu kati yako na padre, na una haki ya kuutumia. Nenda parokia wasikokujua, hakuna ubaya. Padre anayevunja moja kwa moja siri ya maungamo anatengwa na Kanisa papo hapo, na tangu Desemba 2021 kanuni inayoadhibu anayerekodi maungamo kwa chombo chochote imo ndani ya Sheria ya Kanisa yenyewe. Hebu fikiria mazungumzo ya video yanavyonaswa kirahisi.

Umbali sasa. Mpigie paroko, mwambie huwezi kufika, mpange siku aje au mkutane njiani. Na kama kinachokuzuia ni ugonjwa, mweleze mapema, alete na Komunyo. Mpako wa Wagonjwa pia uombe ukiwa bado una nguvu za kuitikia sala, maana haukuwekwa kwa wanaokata roho peke yao.