Simu peke yake haitoshi, ndugu

Ndugu, umeuliza kama simu inatosha kukutambulisha ukipata ajali, kwa kuwa kila Jumapili unaendesha kinga (baiskeli) mpaka Kipushi bila karatasi yoyote na mama watoto ana wasiwasi. Mama watoto ana haki.

Simu inavunjika kioo, inaishiwa moto wa betri, na katika msongamano wa watu baada ya ajali inaweza kupata mwenyewe mwingine (tunajuana). Hata hivyo ijaze: ndani ya mipangilio kuna sehemu ya dharura, inayofunguka bila namba ya siri. Wengi wetu hatujawahi kuigusa.

Halafu tengeneza kikaratasi. Jina, mwaka wa kuzaliwa, namba mbili za watu tofauti, maana mama watoto anaweza kuwa kanisani amezima simu. Anza namba na +243, ya Kongo yetu; pale uko karibu na mpaka wa Zambia. Kama una kisukari, kifafa, au dawa inayokudhuru, hiyo iandike kwa herufi kubwa, na kwa Kifaransa, ndiyo lugha ya waganga wetu wa hospitali. Kundi la damu si lazima, hospitali itapima yenyewe kabla ya kukuongezea.

Peleka kwa mtu wa fotokopi akifunike plastiki, jasho lisikiharibu.

Kadi ya mpiga kura, tunayoitumia kama kitambulisho, mimi naacha nyumbani, nabeba fotokopi tu. Na vyote vikae mwilini, mfukoni au shingoni. Usiweke chini ya kiti: wewe utapelekwa hospitali, kinga itabaki barabarani.