Kabla hujajaza kozi, kamwone anayeifanya

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu haipumziki. "Shikamoo shangazi, nimepata divisheni wani ya 8, PCM, nijaze kozi gani?" Naitikia marahaba, nampongeza, kisha namuuliza yuko wapi. Mara nyingi yuko steshenari. Kijana wa kompyuta ameshamfungulia akaunti ya chuo, anasubiri tu kutajiwa kozi ajaze, apokee hela yake, amwite anayefuata. Ukisitasita anakuchagulia yeye: "Weka hii, wengi wanaichukua."

Simlaumu, kazi yake ni kujaza fomu. Ila tunazungumzia miaka mitatu, minne au mitano ya maisha yako, na pengine mkopo wa Bodi ya Mikopo ambao ukishaajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka deni liishe. Huo si uamuzi wa kufanyia kwenye benchi la steshenari huku foleni inakusukuma mgongoni.

Ninachowaambia wote ni kimoja: kabla hujajaza, tafuta mtu anayeifanya kazi hiyo ukakae naye akiwa kazini, siku ya kawaida kabisa.

Mimi ni mkadiriaji majenzi. Nilisoma Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam. Nyumbani waliamini naenda kuwa injinia, na mpaka leo kuna baba mdogo ananiita injinia, nimeshachoka kumsahihisha. Kazi yenyewe ukiiona kwa karibu iko hivi. Asubuhi nafungua michoro ya msanifu majengo na kupima kila kilichochorwa: mita za ujazo za zege, kilo za nondo, mita za mraba za plasta, mpaka idadi ya vitasa. Vyote vinaingia kwenye mchanganuo wa gharama, mstari kwa mstari, na kosa la nukta moja linaweza kumtia mtu hasara ya mamilioni. Mchana niko saiti nimevaa buti, nabishana na mkandarasi. Anadai mtaro wa msingi umekuta mwamba, kwa hiyo alipwe bei ya kuchimba mwamba, ambayo ni kubwa kuliko ya udongo. Mimi naona udongo mgumu uliokauka na jua. Tunashuka mtaroni, tunagonga kwa sululu, tunavuta tepu, tunaandika, wote wawili tunasaini. Hapo ndipo ugali wangu unapotoka.

Asiyependa kuhesabu kitu kilekile mara tatu atateseka kwenye kazi hii hata kama ana A ya hesabu. Na asiyeweza kumwambia mwanamume wa rika la baba yake "samahani mzee, hapa sisaini" atateseka zaidi. Hayo huyakuti kwenye mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu. Mwongozo unakupa sifa za kuingilia, masomo yanayohitajika, miaka ya kusoma, na nafasi zilizopo. Usome, tena toleo la mwaka wako, si lile alilotumia dada yako. Lakini harufu ya kazi haimo mle.

Utampata wapi huyo mtu? Bongo kila mtu ana mtu. Uliza msikitini, kanisani, kwa walimu wako, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ambalo kwa kawaida halina kazi nyingine zaidi ya michango ya harusi. Ukimpata, sema mapema kwamba huombi ajira, unaomba kukaa pembeni na kutazama. Usimuulize kama kazi yake ni nzuri. Atakujibu "tunamshukuru Mungu" na mazungumzo yataishia hapo. Muulize jana alifanya nini tangu alipoingia mpaka alipotoka. Muulize nini kinamchosha. Kisha muulize ilimchukua muda gani tangu amalize chuo mpaka ashike mshahara wa kwanza, na hapo katikati aliishije. Hilo la mwisho watu wazima hulicheka kwanza, halafu hulijibu kwa kirefu.

Na humo ndimo utakapogundua kwamba kwa fani nyingi digrii ni nusu ya safari. Ukitaka uwakili, ukimaliza shahada ya sheria kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Daktari anasoma miaka 5, halafu anafanya utarajali mwaka mmoja hospitalini ndipo asajiliwe. Mhasibu atakesha na mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, akiitafuta CPA, cheti cha uhasibu wa kitaaluma. Mhandisi ana bodi yake, na sisi wakadiriaji tuna yetu pamoja na wabunifu majengo. Bila usajili unafanya kazi chini ya mwenye muhuri, naye ndiye anayesaini. Yote hayo yanataka muda na ada, na bumu la chuo, ile hela ya kujikimu, huwa limeshakatika.

Kuhusu "kozi yenye ajira", mimi huwa mzito kidogo. Mwaka 2025 TRA, Mamlaka ya Mapato, ilitangaza nafasi za kazi 1,596, waombaji wakazidi laki moja. Waliokuwa kwenye foleni ile wengi wao walishaambiwa kwamba kozi zao zina soko. Soko la leo silo utakalolikuta ukimaliza. Bora ujue kazi inataka nini kwako, ili hata ukikosa ya serikali uweze kuiuza mtaani kwa mikono yako.

Kwa sababu hiyohiyo sioni aibu ya vyuo vya ufundi vya VETA wala stashahada. Saiti nimeona vijana wa umeme waliotoka VETA wakiitwa kwenye kazi moja kabla hawajamaliza nyingine, wakati wenye digrii wanazungusha bahasha maofisini. Na mlango haufungwi: ukiwa na stashahada yenye GPA ya 3.0 na kuendelea unaweza kuomba digrii baadaye, ukiwa tayari unajua unakwenda kusoma nini.

Wazazi sasa. Kama baba ameshaamua udaktari na wewe ukiona damu kichwa kinazunguka, usianze ubishi sebuleni mbele ya wageni. Mtangulize mama au bibi, halafu mwombe baba akaonane na yule mtu uliyekaa naye, wakubwa wazungumze wenyewe. Kaka yangu alikuwa hataki kusikia chochote zaidi ya udaktari, na mwanawe anataka upimaji ardhi. Kijana hakubishana. Alimwomba baba yake amsindikize kwa mpima mmoja waliyemfahamu. Kaka akakaa pale ofisini anaoneshwa ramani za viwanja, mipaka, hati, na migogoro ya majirani inayomalizwa kwa kifaa kile cha miguu mitatu. Mwenyewe ana kiwanja chenye kesi. Aliporudi nyumbani alinipigia kuniuliza kama dirisha la maombi ya awamu ya pili bado liko wazi.