Mawese usiyapake kwenye mkanda wa kunolea wembe (kwa mdau wa Tabora)

Mkuu, weka hilo dumu la mawese chini kwanza. Liweke mbali kabisa na hiyo ngozi, halafu ndiyo usome.

Swali lako nililiona jana nikajisemea sijibu, watu wapo. Leo asubuhi narudi nakuta wachangiaji watatu wamekuambia "paka tu mkuu, ngozi ni ngozi". Damu imenichemka. Maneno hayohayo niliambiwa mimi hapa Mwanga, Kigoma, na yalinigharimu wembe wa marehemu mjomba.

Kwa waliochelewa: mdau yuko Tabora, karithi wembe wa kukunja wa babu yake, kapata ngozi ya ng'ombe kwa fundi mikoba na anataka kujitengenezea mkanda wa kunolea. Anauliza upana uwe kiasi gani, wembe upitishwe mara ngapi, na ngozi ailainishe kwa mawese au kwa nta ya nyuki, maana Tabora nta haina shida.

Hilo la mwisho ndilo la kwanza. Usipake chochote. Si mawese, si nta, si nazi, si mafuta ya mgando, si ya kupikia. Mkanda wa kunolea unapakwa kiganja cha mkono. Kiganja kikavu, kimenawa, unakisugua kwenye ngozi juu chini mpaka uhisi joto, kila siku unayonyoa. Jasho na mafuta kidogo ya mwili wako yanaitosha ngozi hiyo miaka na miaka. Kiganja tu, mkuu.

Sasa nikueleze nilivyojitia hasara, na msinicheke sana.

Mjomba alikuwa kinyozi Ujiji, enzi za kiti cha mbao na kioo cha kuning'iniza mtini. Aliniachia wembe mmoja wa Solingen, Ujerumani, mpini wa pembe nyeusi. Mkanda wake ulishakatika zamani. Nikatafuta ngozi, nikapata kipande kizuri hasa: ng'ombe, unene wa milimita tatu hivi, ile ngozi iliyolainishwa kwa magome ya miti, si ile ya dawa za kroma inayonyumbuka kama mpira. Shilingi elfu hamsini. Fundi viatu aliyeniuzia akanitazama kwa huruma, akasema, "Kijana wangu, ngozi hii ina kiu. Inyweshe mawese."

Ina kiu! Mtu akizungumza kama malenga hivyo unasahau kumuuliza mara ya mwisho kushika wembe ilikuwa lini. Nilikuja kujua baadaye kwamba hajawahi. Alikuwa na buti kichwani. Buti linataka mafuta kwa sababu linakutana na matope na mvua. Mkanda unaoning'inia ukutani unakutana na tope gani?

Nami si mjinga (subiri kwanza), nikaingia intaneti kuhakikisha. Nikakuta video, jamaa anapaka mafuta tandiko la farasi mpaka linameremeta. Nikasema basi, huyu mzungu na fundi wa hapa sokoni hawajuani na wote wanasema mafuta, nataka ushahidi gani tena? Tandiko la farasi, jamani. Farasi mwenyewe nimemwona kwenye runinga.

Nikapasha mawese kwenye sufuria, nikamimina kikombe kizima cha chai. Nikauanika mkanda juu ya bati saa saba mchana. Jioni nikaona umeyanywa yote, nikaongeza kikombe cha pili. Mimi ni mtoto wa Kigoma, kwetu mawese yanaingia kwenye mihogo, maharage, samaki, kila kitu. Nilidhani nafanya ukarimu.

Siku mbili za kwanza ilikuwa raha tupu, na hapo ndipo wengi wananasa. Ngozi ilikuwa laini, wembe unateleza kimyakimya, nikampigia mke wangu kelele aje aone. Akaangalia, akauliza kwa nini ukuta una rangi ya futari.

Wiki ya pili ndevu zikaanza kung'oka badala ya kukatika. Nikadhani sijanoa vya kutosha, nikaongeza mipitisho. Kumbe ndivyo nilivyokuwa namaliza makali. Elewa mkanda unafanya nini: hauli chuma kama linavyokula jiwe. Makali ya wembe ni membamba mno, ukinyoa yanapinda kidogo, na ngozi kavu iliyonyooka inayarudisha kwenye mstari. Ngozi iliyolewa mafuta inabonyea. Unaposukuma wembe, inabonyea chini ya bapa halafu inainuka kwenye ncha ya makali na kuyazungukia. Kila mpitisho unayafanya mviringo. Juu ya hapo, mkanda wenyewe ulishavutika kwa ulaini, katikati umelegea kama kamba ya kuanikia nguo, na mkanda uliolegea unaharibu makali hata kama haujawahi kuona mafuta.

Na mawese si mafuta ya kuingia yakatulia. Usiku kukipoa yanaganda, mchana kukipata joto yanayeyuka yanatoka juu. Ilikuwa mwezi wa nane, kiangazi kimekolea, na nyumba yangu iko karibu na barabara. Vumbi lote lililopita lilikaribishwa likakaa. Nyie wa Tabora na mchanga wenu sijui itakuwaje. Punje moja ya mchanga ndani ya mafuta, wembe ukapita juu yake, nikasikia "tsk". Kidogo tu. Nikaangalia kwenye mwanga: pengo kwenye makali, dogo kama jino la sisimizi, lakini wembe wenye pengo unakuchana shavu.

Nikajaribu kuunyonya mafuta mkanda kwa unga wa muhogo. Nikapata ugali. Usiku wakaja panya.

Ningeishia hapo nisingelia. Pengo dogo hivyo linatoka kwa jiwe: unaanza na la namba 1000 taratibu kwa maji, kisha 4000, kisha 8000 (namba ikipanda jiwe ni laini zaidi), jioni moja imetosha. Mimi nikampelekea fundi wa kunoa mapanga mwenye mashine ya kuzunguka. "Dakika mbili tu bosi." Kweli alitumia dakika mbili, cheche zinaruka kama sherehe. Wembe ulirudi umeingia rangi ya buluu pembeni mwa makali. Chuma kikishapata joto la kugeuka buluu ugumu wake umekwenda, hakishiki makali tena, ukikinoa leo kesho kimelala. Wembe uliomtumikia mjomba miaka yote ile niliumaliza mimi ndani ya mwezi mmoja, kwa vikombe viwili vya mawese na mtu wa mapanga.

Kama unayatamani sana mafuta, yapake kwenye chuma. Hapa ziwani tunayo meli ya Liemba. Wajerumani walipoizamisha mwaka 1916 walizipaka injini zake grisi nzito kwanza. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini. Sijasikia kwamba walipaka na viti. Wembe wako ukishanyoa ufute ukauke kabisa, utie tone moja la mafuta ya cherehani, hasa msimu wa mvua. Siku ya kunyoa unayafuta yote ndipo unaugusisha na ngozi.

Nta nayo ni hadithi ileile kwa nguo nyingine. Inaziba ngozi, na vumbi linaganda juu. Uza hiyo nta ununue kitambaa kizito cha pamba, kile cha turubai, ukate kipande cha pili sawa na ngozi. Kabla ya ngozi unapitisha kwenye kitambaa mara 20 au 30, kinafuta unyevu na uchafu. Kisha ngozi mara 40 hadi 60, kwenda na kurudi ikihesabiwa moja.

Upana: inchi tatu, wembe wote unakaa bila kuhangaika. Mbili na nusu nayo inawezekana. Ila chini ya tatu utalazimika kuupeleka wembe mshazari, na mtu anayejifunza asijipe kazi hiyo.

Mgongo wa wembe ndio unaotangulia, makali yanafuata nyuma. Ukifika mwisho unaugeuza juu ya mgongo wake, usiugeuze juu ya makali, maana hapo ndipo watu wanakata mkanda vipande. Mgongo na makali vyote viguse ngozi muda wote. Uzito wa wembe wenyewe unatosha, usikandamize kana kwamba unapiga pasi. Mkanda uuvute ukaze. Na anza polepole kama mzee. Ile kasi unayoiona kwa vinyozi wa kwenye sinema itakuja yenyewe au isije kabisa, ndevu hazijui.

Usiukunje. Uning'inize mahali penye hewa, mbali na jiko na mbali na dirisha la barabarani. Ukiota ukungu wakati wa masika, futa kwa kitambaa kikavu, urudie kiganja. Ukiukwaruza kwa bahati mbaya, msasa laini kabisa kidogo tu pale palipoinuka, kisha kiganja tena.

Na huo wembe uwe wako peke yako. Mimi ni kinyozi, wateja nawafungulia kiwembe kipya kila mmoja mbele ya macho yake, mambo ya damu hayana utani. Wembe wa mkanda ni wa ndevu zangu.

Sasa hivi natumia mwingine, nilimwagiza mtu Dar, na mkanda mpya una mwaka wa tatu. Haujawahi kuonja hata tone, na umeiva rangi nzuri kwa kiganja peke yake. Yule fundi viatu bado yupo sokoni, ananisalimia kwa furaha kila siku, na juzi nimemsikia anamwambia kijana mmoja kwamba ngozi yake ina kiu. Nikamvuta yule kijana pembeni.

Ule mkanda wa mawese sijautupa. Niliukata nikafanya bawaba za mlango wa banda la kuku. Hazipigi kelele hata kidogo, ila panya hawajaacha kuja.