Nimemaliza ubingwa, nataka kufundisha chuo kikuu: nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Namalizia MMed (digrii ya ubingwa) ya magonjwa ya watoto pale Muhimbili. Ni mtumishi wa serikali, hospitali ya rufaa ya mkoa ndo iliyoniruhusu kuja kusoma. Moyo wangu uko kwenye kufundisha. Nafasi zinapatikanaje, na ni lazima niwe na PhD?

JIBU: Marahaba, na hongera sana mdogo wangu. Nianze na PhD maana ndo inawatisha wengi: kuingia huihitaji. Idara za kliniki zinachukua watu wenye MMed, kinachowakwamisha watu ni alama, tangazo huwa linaangalia na za MD (digrii ya kwanza ya udaktari) sio za MMed tu, kwa hiyo toa transkripti zako zote mbili uzisome leo.

Vyuo vya serikali kama MUHAS (hapo Muhimbili) na UDOM (Dodoma) ajira zao zinapita Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa Sekretarieti ya Ajira. Fungua akaunti sasa, usisubiri tangazo, pakia vyeti vya form four na form six, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, na majina yafanane kote. Rizalti slipu hawapokei. Umri mara nyingi mwisho miaka 45. Na wewe kwa vile ni mtumishi wa umma barua yako ipitie kwa mwajiri, usimruke. Kabla ya hapo soma ule mkataba wa ruhusa ya masomo, kama uliahidi kurudi kutumikia muda fulani basi kaa na mganga mfawidhi mapema mzungumze, maana watoto wa huko mkoani nao wanamsubiri bingwa wao.

Vyuo visivyo vya serikali kama KCMC Moshi, CUHAS pale Bugando Mwanza, Kairuki na Aga Khan wanatangaza wenyewe, huko unaweza kupeleka barua na CV moja kwa moja.

Sasa lililo kubwa kuliko yote: disetesheni yako (ripoti ya utafiti wa MMed) isiishie kabatini. Nasikitika sana nikiona kazi nzuri ya mtu aliyehangaika usiku na mchana kukusanya data wodini inakaa maktaba tu hakuna anayeisoma. Ukishadefendi (kuitetea mbele ya watahini), kaa na supavaiza wako mkubaliane nani anaandika nini, mpeleke Tanzania Medical Journal au jarida lingine linalopitiwa na wataalamu kweli kweli, yale yanayokutumia imeili yakiahidi kuchapisha ndani ya siku tatu ukilipa hela achana nayo, yatakuchafulia CV. Machapisho ndo yatakupandisha cheo chuoni miaka yote.

Alafu nenda kamwone mkuu wa idara kabla hujaondoka, mwambie wazi kwamba unataka kubaki kwenye kufundisha, muulize idara ina upungufu wapi. Kama watoto wenye matatizo ya figo hawana mtu, na wewe unaipenda figo, basi umeshajua ubobezi wako uelekee wapi.

Kwenye intavyu jiandae kufundisha mada mbele ya jopo. Wanaangalia kama mwanafunzi wa mwaka wa tatu angekuelewa, sio unajua mangapi.

Na ukirudi mkoani fundisha interni (madaktari walio mafunzoni) kila raundi, na kama chuo kinaleta wanafunzi hapo omba barua rasmi ya kutambuliwa kama mwalimu wao, itunze, nafasi ikitangazwa unaiambatanisha.